Sifa za Msoma Mita

Usomaji wa mita ni fani isiyo na ngoma wala cheti cha kutundika ukutani. Kabla LUKU, mita ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, haijaenea Tanzania, msoma mita alikuwa mtu wa kila mtaa, daftari kwapani, kalamu sikioni. Alipiga hodi, akatazama kisanduku kidogo, akaandika, akaaga. Wengi wetu tulimwona kama mleta bili tu.

Mtihani wake ulikuwa mita ya akrabu. Vijisaa vinne au vitano husimama safu moja, na akrabu ya kila kimoja huzunguka kinyume cha jirani yake, kwa kuwa magurudumu ya ndani yameumana meno. Akrabu ikiwa kati ya namba mbili, chukua ile iliyokwisha kupitwa. Ikiwa kati ya 9 na 0, chukua 9. Kazi huwa pevu pale akrabu inapoonekana imekaa juu ya 7 barabara. Hapo fundi haamini macho yake. Hutazama kijisaa cha kulia: kama akrabu yake ingali kwenye 9, mzunguko haujatimia, basi huandika 6. Ikishapita 0, huandika 7. Namba haijishuhudii, jirani ndiye shahidi wake. Ukikosea kijisaa cha maelfu, umemtwisha mwenye nyumba deni la uniti 1,000 asizozitumia.

Kwenye mita hizo kulikuwa na kisahani cha alumini chenye alama nyeusi ukingoni. Mwaka 1889 Ottó Bláthy, mhandisi wa Hungaria, alitengeneza mita ya namna hiyo: koili moja hufuata volti, nyingine mkondo, na usumaku wao hukizungusha kisahani, huku sumaku ya pembeni ikikishika breki. Pasi ikiwashwa, kisahani hushika kasi. Bibi asiyejua kusoma aliweza kuona nyumba inavyokula umeme.

Ikaja LUKU, na fani ikadhaniwa imezikwa. Siku hizi tunaingiza tarakimu 20, tunatazama uniti zimebaki ngapi, tunaondoka. Kwangu huo ni uvivu, maana mita mpya nayo inasomeka. Tafuta taa ndogo nyekundu inayopepesa, kisha namba iliyoandikwa karibu na imp/kWh. Ikiwa ni 1000, basi mipepeso 1,000 ni uniti moja. Balbu ya wati 60 ikiwa peke yake huipepesa mara moja kwa dakika. Birika la umeme la wati 2,000 huipepesa kama mara 33. Saa ya simu inatosha kuhesabia.

Ujuzi huu una thamani kubwa kwenye nyumba za kupanga, ambako vyumba sita huchangia mita moja na kila mwisho wa uniti ni kesi. “Ni friji lako!” “Wewe na pasi yako je?” Mwenye kujua kuhesabu huzima vyote, akawasha kimoja kimoja mbele ya watu. Ila friji lisihukumiwe haraka: mota yake huwaka na kuzima, kwa hiyo dakika moja ya kuhesabu hulionea au hulipendelea. Lipimwe peke yake kwa saa nyingi, kisha salio la mwisho litolewe kwenye salio la mwanzo.

Gesi ya mtungi haina mita, lakini kanuni ni ileile. Uzito wa mtungi mtupu umegongwa kwenye chuma, kwa kawaida shingoni. Pima mtungi kwenye mizani, toa uzito huo, kinachobaki ndicho gesi. Kuutikisa ni kubahatisha.

Leo usiku, kabla ya kulala, zima kila kitu, chomoa hata chaja, kisha simama mbele ya mita yako dakika tano. Taa ikiendelea kupepesa, kuna kitu umekisahau, au nyaya zinavujisha umeme, au kuna jirani amejiunganisha kwako. Mwite fundi mwenye leseni kabla hujanunua uniti nyingine.