Mlango wa Kuchora Kwenye VC10 ya East African

Mliokwisha kuipakua modeli ya VC10 ya East African kwa ajili ya simuleta mmeuona mlango wake. Peleka kamera upande wa kushoto, mbele ya bawa, nyuma ya mlango wa kwanza wa abiria. Pale palipotakiwa mlango wa mizigo pana mistari ya kijivu iliyopigwa kwenye tekscha, ikasaidiwa na nomali mapu ili ukitazama ukiwa umesimama mbele yake udhani kuna ufa. Sogea ubavuni, kamera ikaribiane na bati, na ufa wote unatoweka. Bodi ni laini kutoka pua hadi bawa. Mlango haufunguki kwa sababu hakuna mlango.

Huu ni uamuzi mbovu, na ubovu wake unaharibu kifurushi kizima.

Kilichofanyika kinajulikana kwa yeyote aliyewahi kufungua Blender. Waundaji walikuwa na bodi ya Super VC10 ya shirika la Uingereza, BOAC, yaani Type 1151, wakaipaka rangi za East African Airways, wakaandika 5H-MOG pembeni, wakaitangaza kuwa Type 1154. Lakini Type 1154 si rangi. Ni ndege iliyoagizwa na shirika la Kenya, Uganda na Tanzania ikiwa na mlango mkubwa wa mizigo wenye upana wa zaidi ya mita 3, unaofunguka kwenda juu, na sakafu iliyoimarishwa ili kubeba uzito wa mizigo kwenye sitaha ile ile wanakokaa abiria. BOAC hawakuwa na mlango huo kwenye Super zao. Sisi tulikuwa nao. Ukimwuliza mtu anayezijua VC10 akutofautishie ya London na ya Nairobi bila kutazama rangi wala namba, ataanzia kwenye mlango huo.

Kwa hiyo aliyeamua kuuchora badala ya kuuunda amefuta kitu kikubwa kuliko vyote kilichoifanya ndege hii kuwa yetu, kisha akatuuzia kwa jina letu. Ni kama kumvika mgeni kanzu ya babu yako na kumtambulisha kwa ndugu kuwa ndiye babu.

Najua utetezi wao, maana tumeusikia kwa kila ndege ya kihistoria iliyotoka karibuni. Mlango halisi unadai ukate meshi upya, upange upya madirisha yaliyomo ndani yake, uunde fremu na bawaba na sehemu ya ndani itakayoonekana ukifunguka. Ukimaliza hapo, bodi hiyo inahitaji UV yake, na LOD zake zote zirudiwe. Ukibaki na bodi moja, rangi za kila kampuni zinakaa kwenye karatasi moja na kazi inaisha mapema. Sawa. Lakini kifurushi hiki hiki kina VC10 C.1 ya jeshi la anga la Uingereza (RAF), na C.1 nayo ilikuwa na mlango wa mizigo upande ule ule. Uendeeni mkautazame. Umeundwa, una fremu, una unene, unapanda juu kwa mwendo mzuri, na ndani yake unaona sakafu. Ujuzi walikuwa nao. Meshi ya mlango walikuwa nayo. Kilichokosekana ni kuona kwamba East African inastahili kazi ileile waliyoipa RAF.

Enzi za gmax na FS2004 kulikuwa na watu waliounda ndege za Uingereza za miaka ya sitini na kuzigawa bure, wakibana kila poligoni kwa sababu kompyuta za wakati ule hazikuruhusu anasa. Watu wale walitoa modeli tofauti kwa kila aina. Kama bodi ilirefushwa, waliirefusha. Kama shirika fulani liliagiza antena au mlango wa tofauti, uliupata. Leo tuna kadi za video zinazobeba mamilioni ya poligoni bila kuhema, tunalipa pesa, na tunapewa mstari wa kijivu. Waundaji wa A2A walipoitoa Constellation yao walituonyesha kwamba ndege ya kale huanza na kujua fundi wa kiwandani alifanya nini, halafu ndipo rangi. Somo hilo halikufika hapa.

Chumba cha rubani ni kizuri sana. Sauti ya injini za Conway wameipata, na slati zinatoka kwa mpangilio sahihi. Mkia wa T hauna kasoro.

Turudi kwenye bodi, maana kosa la mlango limevuja hadi kwenye faili la mruko. Uzito mtupu wa 5H-MOG ni uleule wa ndege ya BOAC, tarakimu kwa tarakimu. Sakafu iliyoimarishwa imekwenda wapi? Na ukifungua ukurasa wa kupakia, mizigo yote inaingia tumboni. Sitaha kuu ni ya abiria peke yao. VC10 ilibuniwa kwa ajili ya viwanja vya joto na vya juu. Bawa liliachwa safi, injini nne zikapelekwa nyuma, ili ndege iondoke kwenye viwanja kama Embakasi cha Nairobi, mita zaidi ya 1,600 juu ya bahari. Raha yote ya kuirusha Super ya East African iko hapo: mizigo mbele, abiria nyuma, mafuta ya safari ndefu, hewa nyepesi ya Nairobi, na wewe unahesabu mita za njia ya kurukia zilizobaki. Ukiirusha hii, unairusha ndege ya BOAC iliyokuja kutembea.

Hawawezi kusema hawakuwa na pa kupimia. East African ilipovunjika mwaka 1977, Super nne zilizobaki zilichukuliwa na Waingereza na kugeuzwa kuwa ndege za kujazia nyingine mafuta angani, K.3. Matangi ya ziada yaliingizwa ndani kupitia mlango huo huo ambao waundaji wetu wameuona hauna maana. 5H-MOG, VC10 ya mwisho kabisa kuundwa, ikawa ZA150, na ilipostaafu Septemba 2013 ilitua Dunsfold ili ihifadhiwe chini ya jumba la makumbusho la Brooklands. Siku iliyofuata ZA147, ambayo kwetu ilikuwa 5H-MMT, iliruka mruko wa mwisho wa VC10 yoyote duniani. Modeli ya ndege iliyohifadhiwa haitengenezwi kwa kukisia.

Rangi nazo zinanirudisha kwenye ugomvi ambao wasomaji wa safu hii wanaujua. Mtu anachukua slaidi ya mwaka 1971 iliyoskaniwa, anaweka kidole cha programu juu ya picha, anachota rangi, anaipaka kwenye ndege. Ektachrome za wakati ule hupauka na kuelekea uwekundu. Kodachrome hudumu zaidi, lakini nayo ilipigwa kwenye jua la Afrika na skana ya mtu asiyejulikana. Kuchota hapo ni kuipaka ndege uzee wa filamu. Nyeupe ya paa kwenye modeli hii ina wekundu, na hakuna kiwanda kilichopaka ndege nyeupe ya namna hiyo. Juu yake wamemwaga moshi na michirizi ya mafuta kiasi cha kudhani ndege haijaoshwa tangu itoke kiwandani Weybridge. Shirika lililokuwa na Super tano na kuzipeleka London na Bombay lilikuwa na wafanyakazi wanaoosha ndege. Uchafu mwingi huwa unaficha meshi isiyo na maumbo, na hapa kuna cha kufichwa.

Namba ya usajili pia irekebishwe kwenye sasisho lijalo. Safari ya mwaka 1974 iliyomo kwenye kifurushi, Nairobi hadi London, imepewa 5X-UVA. Ndege hiyo iliangamia Addis Ababa tarehe 18 Aprili 1972 ilipokatisha kuruka na kupitiliza mwisho wa njia, na watu 43 wakafa. Mwaka 1974 zilikuwepo 5H-MMT, 5Y-ADA, 5X-UVJ na 5H-MOG. Yoyote kati ya hizo nne ingefaa, na zote nne zilikuwa na mlango.