Mikoko na Ukuta Mbele ya Gereza la Kilwa

Mwaka 2004 UNESCO iliyaingiza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini. Mwaka 2014 ikayatoa. Katikati ya miaka hiyo, mbali na kukarabati majengo ya mawe ya matumbawe, ufukweni zilijengwa kuta za kuzuia bahari na ikapandwa mikoko. Ukuta ndio unaovuta macho. Kwa hesabu ya mawimbi, hata hivyo, mlinzi wa kudumu wa ngome ya Gereza iliyoko Kilwa Kisiwani, ambayo upande wake wa baharini ulikwisha kumegwa, ni mikoko.

Wapo watakaouliza: bandari ya Kilwa imekingwa, ndiyo maana majahazi yaliipenda tangu kale, sasa wimbi kali linatoka wapi? Kukingwa si kufungwa. Wimbi likipita kwenye mlango wa bahari hujitandaza nyuma ya rasi. Likifika penye maji haba, hupinda pia, kwa sababu mwendo wake hutegemea kina: wimbi refu huenda takriban mita 6 kwa sekunde kwenye kina cha mita 4, na mita 3 tu kwenye kina cha mita 1. Sehemu iliyotangulia majini haba huchelewa, iliyo kwenye kina huipita, na wimbi zima hugeukia pwani. Idadi ya mawimbi yanayopita kwa dakika haibadiliki. Kinachopungua ni umbali kati ya wimbi na wimbi, huku kimo kikipanda hadi wimbi livunjike, kwa kawaida kimo kinapokaribia asilimia 80 ya kina. Hapo ndipo bamvua inapoingia. Maji ya nusu mita yaliyo chini ya ukuta hayawezi kubeba wimbi linalozidi sentimita 40 hivi. Yakijaa hadi mita 2, hupitisha wimbi la mita 1 na nusu bila kuvunjika njiani. Maji kujaa peke yake hakubomoi. Huleta wimbi mlangoni. Kupanda kwa usawa wa bahari kunaongeza kina hicho hicho.

Ukuta wima hauli nguvu ya wimbi, huirudisha. Wimbi linalorudi likikutana na linalokuja, maji yaliyo mbele ya ukuta huweza kupanda na kushuka karibu mara mbili, na mchanga wa msingi huchimbwa. Mizizi ya mikoko huivunjavunja nguvu hiyo kwa msuguano. Na kwa kuwa nguvu hufuata mraba wa kimo, mikoko ikipunguza kimo kwa nusu tu, inayobaki ni robo. Pingamizi zito ni kwamba miche michanga hung'olewa na mawimbi kabla haijashika. Ni kweli, na ndiyo kazi halali ya ukuta: kuipa miche utulivu. Anayesema ngome ilisimama miaka mingi bila kupandiwa chochote akumbuke kwanza boriti za mikoko zilizokatwa pwani hii na kusafirishwa hadi Uarabuni. Fedha za matengenezo zikiwa chache, basi, zianzie kwenye ulinzi wa mikoko dhidi ya shoka, ndipo zifuate saruji.