Vita na Ukumbusho katika Picha za Tshibumba Kanda Matulu

Tshibumba Kanda Matulu alizaliwa mwaka 1947 mjini Élisabethville, ambao leo ni Lubumbashi. Katanga ilipojitenga na Kongo mnamo Julai 1960, alikuwa mvulana asiyezidi miaka 13. Vita vilivyofuata, hadi Januari 1963, vilimkuta katika utoto. Alivichora akiwa mtu mzima. Mwaka 1973 na 1974 alimchorea mwanaanthropolojia Johannes Fabian mfululizo wa picha zipatazo 100 za historia ya nchi, akizisimulia kwa Kiswahili cha Shaba. Kuzichukulia picha hizo kuwa ushahidi wa aliyeona kwa macho, kwa hiyo, ni kuzipa thamani isiyo yake. Mchoraji mwenyewe alijiita mwanahistoria, na dai hilo ni zito zaidi.

Uzito wake unadhihirika katika picha ya kifo cha Lumumba, Mpolo na Okito. Nyuma ya maiti imesimama misalaba mitatu, na damu ya Lumumba inaandika ardhini neno la Kifaransa lenye maana ya umoja. Hakuna shahidi aliyeona hayo tarehe 17 Januari 1961. Tshibumba hakuchora tukio bali hukumu juu ya tukio. Ikumbukwe kwamba Mobutu, aliyeshiriki kumwondoa Lumumba madarakani mwaka 1960, ndiye aliyemtangaza shujaa wa taifa mwaka 1966. Shujaa huyo wa serikali alikuwa sanamu isiyouliza swali. Lumumba wa Golgotha anauliza ni nani aliyemsaliti, na kila msalaba una Yuda wake.

Watu wa Shaba waliziita picha za aina hii ukumbusho. Neno hilo halimaanishi kumbukumbu iliyohifadhiwa tu. Ni kitu kinachomfanya mtazamaji akumbuke na kufikiri, hata pale ambapo kusema wazi ni hatari. Ndiyo maana mandhari zilezile zilirudiwa kwa wanunuzi tofauti, juu ya turubai za magunia ya unga. Wahakiki wanaoona katika marudio hayo biashara pekee wanasahau kwamba ukutani sebuleni picha ilikuwa na kazi ya kuanzisha mazungumzo. Maandishi yake ni ya Kifaransa, tena chenye tahajia isiyo sanifu, ilhali masimulizi ni ya Kiswahili: lugha ya nyaraka juu ya turubai, lugha ya watu mdomoni.

Habari za Tshibumba zilikoma mwanzoni mwa miaka ya 1980, baada ya vita vingine viwili kupita Shaba, mwaka 1977 na 1978. Kifo chake hakina picha.