Jiwe Kavu na Wenyeji Wasioonekana

Kuandaa mawe makavu kwa ajili ya tangi jipya la samaki wa maji chumvi ni ufundi wa kulirudishia uhai jiwe lililokwisha kufa, nao unastahili heshima kwa sababu sehemu yake kubwa haionekani kwa macho. Jiwe kavu ni kipande cha mwamba wa kale wa matumbawe, yaani mifupa ya chokaa iliyoachwa na wanyama wadogo wa baharini, ambayo bahari iliposhuka ilibaki nchi kavu. Mwamba wa namna hiyo ulioko kusini mwa Florida, nchini Marekani, una umri wa miaka ipatayo 125,000, nao ni ndugu wa jiwe lililojenga nyumba za kale za Lamu na Unguja.

Kazi huanza kwa usafi. Fundi hulisugua jiwe kwa brashi ngumu, akifuata tundu baada ya tundu, na akiona haja hulichovya katika asidi haidrokloriki iliyozimuliwa, ambayo humiminwa ndani ya maji na kamwe si maji ndani yake. Asidi hiyo hula ngozi ya juu ya chokaa huku povu likifoka, na huondoka na sehemu ya fosfati, chumvi ya fosforasi inayolisha mwani.

Kisha jiwe hukaa gizani, ili mwani usiote, ndani ya pipa la maji yanayozungushwa na pampu, yenye takriban gramu 35 za chumvi kwa kila lita. Fundi hutia amonia kidogo, ambayo ndiyo sumu itokanayo na taka za mwili wa samaki, ili bakteria wapate chakula: kundi moja huigeuza kuwa nitriti, na jingine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo madhara yake ni madogo zaidi. Bakteria wa aina hiyo, ambao mwanasayansi Sergei Winogradsky alianza kuwatenga mwaka 1890, hukua polepole, na hakuna pupa inayoweza kuwaharakisha. Ndiyo maana kazi hii huchukua wiki kadhaa.

Katika kichupa cha kupimia, maji yenye amonia yakitiwa dawa ya kipimo hugeuka kijani, na yasiyo nayo hubaki ya njano. Siku yanapobaki ya njano saa 24 baada ya amonia kutiwa, na nitriti nayo isionekane, jiwe kwa kutazama ni lilelile, jeupe na kimya, lakini fundi aliyesubiri anajua kwamba samaki wa kwanza atawakuta wenyeji wamekwisha kutangulia.