Ndege Isiyokumbuka Haiti

Mchana wa tarehe 28 Machi 2002, ndege ya abiria ya zamani, yenye injini nne za pangaboi, ilitua juu ya maji ya ghuba ya Elliott mjini Seattle, Marekani. Watu wanne waliokuwamo walitoka wakiwa hai. Wachunguzi wa ajali walipomaliza kazi yao walitoa jibu fupi: mafuta yaliisha. Kabla ya kuruka, wahudumu wa safari ile hawakuwa wamejua kwa hakika matangi yalikuwa na mafuta kiasi gani.

Ndege yenyewe ilikuwa Boeing 307 Stratoliner iliyobatizwa jina la Clipper Flying Cloud. Za aina hiyo ziliundwa 10 tu, na hii ndiyo pekee iliyobaki nzima. Tangu mwaka 1994 watu wa kujitolea, wengi wao wastaafu na wafanyakazi wa Boeing, walikuwa wameikarabati mjini humo humo kwa niaba ya makumbusho ya Smithsonian. Iliruka tena Julai 2001. Miezi minane baadaye wakaiona ikielea baharini. Wakaitoa, wakaifungua, wakaanza upya. Agosti 2003 iliruka hadi uwanja wa Dulles, na leo imo katika jumba la Steven F. Udvar-Hazy, Virginia, ikimeremeta kama iliyotoka kiwandani jana.

Ningependa tuisome ndege hii kama tunavyosoma wasifu wa mtu. Mkarabati na mwandishi wa maisha ya kweli wanafanana kuliko inavyodhaniwa. Wote wawili hawaruhusiwi kubuni. Wote hukusanya ushahidi: michoro ya kiwanda, picha, vipande vilivyosalia, kumbukumbu za wazee. Na wote, baada ya kukusanya, hulazimika kuchagua. Ndege iliyoishi miongo kadhaa haiwezi kuvaa rangi za miongo yote kwa wakati mmoja. Mtu lazima aamue ni siku gani ya maisha yake itakayosimama mbele ya watazamaji. Uamuzi huo ni wa kihakiki kabla haujawa wa kifundi, na ndio ninaotaka kuupima.

Walioamua juu ya Flying Cloud walichagua ujana. Ndege imevaa nembo za Pan American, kama ilivyokuwa ilipoanza kazi mwaka 1940. Sababu zao zinaeleweka. Stratoliner ilikuwa ndege ya kwanza ya abiria kuingia kazini ikiwa na chumba kilichozibwa na kushindiliwa hewa, kiasi kwamba abiria 33 waliweza kupaa juu ya mawingu mabaya bila masikio na mapafu kuteseka. Mabawa na mkia vilitokana na ndege ya kivita ya B-17, lakini kiwiliwili kilikuwa kipya, kinene na cha mviringo, kwa ajili ya kuhimili mgandamizo huo. Kila ndege ya leo inayokuvusha juu ya dhoruba ukiwa umesinzia ina deni kwake. Makumbusho yanayoeleza maendeleo ya usafiri wa anga yana haki ya kutaka kuionyesha katika saa yake ya ushindi.

Hata hivyo, Pan American iliitumia kwa miaka isiyofika 10. Baada ya kuuzwa ilianza maisha mengine, na mwaka 1954 ikanunuliwa na Haiti, ikawa ndege ya rais. Fikiria kilichokuwa ndani ya sura hiyo: chombo kilichoundwa kwa matajiri wa Marekani kinageuka kiti cha enzi katika nchi maskini ya Karibiani. Hapo pana kitabu kizima. Kwenye mwili wa ndege hapana hata mstari mmoja.

Mtetezi atasema kwamba makumbusho hayajaficha kitu, kwamba habari za Haiti zimeandikwa na anayetaka atazisoma. Ni kweli. Ila maandishi na alumini havina sauti sawa. Mtazamaji huamini anachokiona kimesimama juu ya magurudumu, na maelezo huyapitia kwa jicho moja huku akitafuta pembe nzuri ya kupiga picha. Sura isiyokuwa na mwili huokota uvumi. Masimulizi mengi kuhusu ndege hii hudai kwamba ilinunuliwa kwa ajili ya François Duvalier, yule dikteta aliyeitwa Papa Doc. Lakini Duvalier aliapishwa Oktoba 1957. Ndege iliponunuliwa mwaka 1954, rais alikuwa Paul Magloire. Jina la kutisha zaidi limelimeza jina sahihi, na msomaji hashtuki, kwa sababu Haiti katika hadithi hii imekuwa kichekesho cha pembeni, jambo la kutajwa kwa sentensi moja kabla ya kurudi kwenye utukufu wa Pan American.

Sisi tunaujua mtindo huu. Tuzisome tanzia zetu magazetini na kwenye vipeperushi vya mazishi. Marehemu hurejeshwa kwenye picha yake bora, suti ikiwa imenyooka, na maisha yake hupangwa kama ngazi: shule, kazi, ndoa, watoto, cheo. Miaka aliyofukuzwa kazi haimo. Nyumba ya pili haimo. Hakuna uongo uliosemwa, na bado aliyemjua anakunja kile kipeperushi akijiuliza ni nani hasa aliyezikwa.

Je, kuna namna nyingine ya kukarabati? Ipo, na imefanywa na watu wa kujitolea vilevile. Katika uwanja wa Duxford, karibu na Cambridge huko Uingereza, wanachama wa Duxford Aviation Society hutunza mkusanyiko wa ndege za abiria za nchi hiyo. Mojawapo ni Airspeed Ambassador yenye usajili G-ALZO, ya mwisho duniani kati ya 23 zilizoundwa. Wapenzi wa kandanda wanaijua aina hiyo bila kujua kwamba wanaijua: ni Ambassador iliyoanguka Munich mwaka 1958 ikiwa na wachezaji wa Manchester United. G-ALZO ilianza kazi katika shirika la BEA ikiwa na jina la fahari, Christopher Marlowe. Wakarabati wangeweza kuirudisha huko. Badala yake wameipaka rangi za Dan-Air, shirika la ndege za kukodi lililoichukua ikiwa mtumba na kuitumia hadi mwaka 1971 kuwapeleka Waingereza wa kawaida likizo. Wamechagua miaka ya jasho. Kwa jicho langu, ndege ile inasema ukweli mpana zaidi juu ya usafiri wa anga kuliko Flying Cloud pamoja na mng'aro wake wote, maana maisha marefu ya ndege nyingi huwa katika mikono ya pili na ya tatu.

Hata Smithsonian wenyewe wanajua njia nyingine. Wana ndege ya kivita ya B-26 iitwayo Flak-Bait, iliyoruka misheni zaidi ya 200 katika Vita Kuu ya Pili. Ngozi yake imejaa viraka vya matundu ya risasi na vipande vya mizinga. Wataalamu wao waliamua kuihifadhi jinsi ilivyo, rangi iliyopauka na viraka vyake, badala ya kuifanya mpya. Kwa nini makovu ya vita yanastahili kuhifadhiwa na makovu ya kazi yafutwe? Swali hilo linatugusa hata waandishi, tunaopenda kuandika majeraha ya kishujaa na kuruka majeraha ya kuchoka.

Sitaki nionekane nawabeza waliofanya kazi ile. Kukarabati ndege ya alumini ni kazi ya subira. Ribiti hutobolewa moja moja na nyingine mpya kupigwa mahali pake, watu wawili wakifanya kazi pamoja, mmoja nje na bastola ya ribiti, mwingine ndani ameshikilia chuma cha kukinza. Ulikaji hujificha kwenye maungio, ukitoa unga mweupe, na bamba lililooza hufanywa kiolezo cha bamba jipya. Maji ya chumvi yakiingia, kazi hiyo inageuka mbio, kwa kuwa chumvi haisubiri. Waliojitolea Seattle walifanya yote haya, wakaipoteza ndege mbele ya macho ya mji mzima, wakarudi karakanani.

Na hapo ndipo lawama yangu kubwa ilipo. Sura iliyofutwa kwa ustadi kuliko zote ni ya kwao. Ajali ya mwaka 2002 ni sehemu ya maisha ya Flying Cloud sawa na mwaka 1940. Ndani yake mna ubishi mzito: je, kitu pekee cha aina yake kirushwe au kifungiwe? Upande mmoja husema ndege isiyoruka ni sanamu, na kwamba kazi ya fundi hupimwa angani. Upande wa pili hunyoosha kidole kuelekea ghubani. Mimi naegemea kwa warushaji, lakini kwa sharti kwamba matokeo yasifichwe. Ukiirusha, umekubali kuiongezea historia, na ulichokiongeza ukiache kionekane. Ukarabati wa pili uliipokea ndege iliyokuwa na jambo jipya la kusema, ukainyamazisha.

Fundi wa jahazi kule Lamu akibadilisha ubao, ubao mpya huonekana mweupe kati ya wenzake waliokwisha kukolea, na kalafati mbichi hufuata mstari wake. Hakuna anayeona aibu. Mwenye chombo hukuonyesha kwa fahari: huu ulivunjika mwamba fulani, huu tuliuweka mwaka wa mvua nyingi. Jahazi linabaki lile lile, na matengenezo yake yanasomeka.

Ningetamani Flying Cloud isomeke hivyo. Bamba moja tu lililoguswa na bahari lingeachwa bila kung'arishwa, mahali ambapo mtoto aliyekuja na shule yake angeliona na kuuliza. Mwalimu angelazimika kujibu kwamba wazee fulani waliipenda ndege hii miaka mingi, wakaisahaulia mafuta siku moja, kisha wakaipenda tena.