Penrith walivyofuta pengo la pointi 16

Dakika ya 55 ya fainali ya NRL, ligi kuu ya raga ya ligi nchini Australia, Oktoba 1, 2023, ubao wa Accor Stadium jijini Sydney ulisomeka Brisbane Broncos 24, Penrith Panthers 8. Ezra Mam alikuwa ametoka kufunga trai tatu ndani ya dakika nane hivi. Katika historia ya fainali za ligi hiyo hakuna timu iliyokuwa imewahi kufuta pengo la pointi 16. Pengo kubwa zaidi lililowahi kufutwa lilikuwa la pointi 14, na waliolifuta ni Melbourne Storm mwaka 1999, walipotoka nyuma na kuilaza St George Illawarra 20-18. Dakika ya 77 Nathan Cleary akapenya akafunga, akauweka mpira chini na kupiga mkwaju wa kuongeza, na ubao ukageuka kuwa 26-24. Penrith wakawa mabingwa kwa mara ya tatu mfululizo, jambo ambalo hakuna timu iliyolifanya tangu Parramatta walipotwaa 1981, 1982 na 1983.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba Cleary aliibeba timu mabegani. Alipewa medali ya Clive Churchill ya mchezaji bora wa fainali, na aliistahili. Lakini maelezo hayo yanamtosha aliyewasha televisheni siku ya fainali tu. Aliyeifuata Penrith tangu Februari alikuwa na maelezo mengine mkononi, na kwa maoni yangu ndiyo sahihi zaidi: mechi ile ilipinduliwa na eneo la uwanja, yaani mahali ambapo kila umiliki wa mpira ulianzia na mahali ulipoishia. Kazi hiyo Penrith waliifanya wiki baada ya wiki, nyingi zikiwa wiki ambazo hakuna aliyezikumbuka baadaye.

Kwa wasomaji waliokulia kwenye raga ya wachezaji 15 au ile ya saba, raga ya ligi ni mchezo wa wachezaji 13 kila upande, na moyo wake ni hesabu ya sita. Timu yenye mpira ikiangushwa, inaurudisha mpira mchezoni kwa kisigino na kuendelea. Ina nafasi sita. Ikiangushwa mara ya sita, mpira unahamia kwa wapinzani hapo hapo. Kwa hiyo baada ya kuangushwa mara ya tano karibu kila timu hupiga mpira kwa mguu ili wapinzani waanzie mbali. Msururu huo mzima huitwa seti. Trai ni pointi nne, mkwaju wa kuongeza mbili, penalti ya kupigwa langoni mbili. Kila mtu anapoangushwa, mabeki wanaozuia wanatakiwa kurudi nyuma mita 10 kabla ya kupanda tena.

Kanuni hiyo ya mita 10 ndiyo inayomaliza mapafu. Fowadi mzito anaangusha mtu, anainuka, anarudi nyuma mbio, anapanda tena, anaangusha tena. Seti ikianzia kwenye mita tano za lango lako, unasukumana ili upate nafasi ya kupumua tu. Ikianzia katikati ya uwanja, unashambulia. Timu mbili zinaweza kuwa na idadi sawa ya seti na bado moja ikawa inacheza mechi nyepesi kuliko nyingine, kwa sababu ya mita 15 au 20 za tofauti mahali pa kuanzia. Anayetazama trai peke yake hawezi kuliona hilo.

Penrith ya Ivan Cleary, baba yake Nathan, ilijengwa juu ya hesabu hii. Walipopokea mpira uliopigwa na wapinzani, hawakuwaachia mafowadi wao kazi ya kuanzisha seti. Mikimbio ya kwanza iliwaangukia watu wa nyuma: beki wa mwisho Dylan Edwards na mawinga Brian To'o na Sunia Turuva. To'o anafaa kutazamwa peke yake kwa mechi nzima. Anaupokea mpira akiwa tayari mwendoni, anajitupa katikati ya mabeki wawili, anaendelea kusukuma miguu hata akiwa ameshikwa, kisha anageuka haraka na kuutia mpira mchezoni kabla wapinzani hawajajipanga. Edwards anafuata, na hata yeye haendi chini kirahisi. Wakati huo James Fisher-Harris na Moses Leota walikuwa wakipata sekunde za kuvuta pumzi na kujipanga kwa mikimbio ya tatu na ya nne. Cleary anapofika kuupiga kwa mguu, timu imeshatoka kwenye eneo la hatari, naye anaupeleka kwenye kona au juu angani ili mpokeaji azingirwe pale pale. Halafu yote yanaanza upya, safari hii wapinzani wakiwa ndio wanaosukumana kutoka kwenye lango lao.

Matokeo yake yalisomeka kwenye msimamo wa ligi. Ligi ya 2023 ilikuwa na timu 17, baada ya Dolphins kuingia, kwa hiyo kila raundi kulikuwa na timu inayopumzika, na timu inayopumzika hupewa pointi mbili kana kwamba imeshinda. Mshabiki mgeni huchanganyikiwa na jambo hilo hadi Agosti. Katika raundi 27 kila timu ilicheza mechi 24. Penrith na Brisbane zote zilishinda 18 na kumaliza na pointi 42. Penrith wakakaa juu kwa tofauti ya pointi za kufunga na kufungwa. Hapo ndipo pa kutazama: kwa kufunga zililingana karibu kabisa, Penrith 645 na Brisbane 639. Kwa kufungwa, Penrith walikuwa 312 na Brisbane 425. Ukigawanya kwa mechi 24, Penrith waliruhusu pointi 13 kwa mechi.

Ukiwa na namba hiyo kichwani ndipo unaelewa uzito wa kile alichokifanya Mam. Kwa dakika nane alizalisha pointi 18, mikwaju ya Adam Reynolds ikiwemo. Timu iliyozoea kufungwa 13 kwa dakika 80 ilifungwa 18 ndani ya muda mfupi kuliko mapumziko ya mechi. Brisbane walikuwa na kasi ambayo ukuta wa Penrith haukuipenda: Reece Walsh akitokea nyuma, Mam akitafuta pengo kati ya beki na beki. Na walikuwa na ushahidi wa msimu kwamba inawezekana, kwani raundi ya kwanza, Machi 3, waliwafunga Penrith nyumbani kwao 13-12.

Hiyo 13-12 inanirudisha kwenye jambo ambalo wachambuzi wengi walilipita. Wiki mbili kabla ya kipigo hicho, Februari 18, Penrith walikuwa wamefungwa na St Helens ya Uingereza kwenye mechi ya mabingwa wa dunia wa klabu, matokeo yakiwa yale yale, 13-12, kwa mkwaju wa pointi moja, ule unaopigwa mchezo ukiendelea, katika muda wa nyongeza. Mechi mbili za mwanzo wa mwaka zilipotea kwa pointi moja moja.

Sasa rudi kwenye fainali, kipindi cha kwanza. Mitch Kenny aliwafungia Penrith, Thomas Flegler akasawazishia Brisbane, mikwaju yote miwili ikaingia, 6-6. Kabla ya mapumziko Penrith wakapata penalti mahali pa kupiga langoni. Wangeweza kuendelea na mpira na kutafuta trai. Cleary akaweka mpira chini akapiga, 8-6. Uwanjani uamuzi kama huo hupokelewa kwa minong'ono, kwa sababu watu wamekuja kuona trai. Lakini tazama hesabu ya mwisho wa mechi. Brisbane trai nne, Penrith trai nne. Reynolds mikwaju minne kwa minne, Cleary mikwaju minne kwa minne. Kila kitu kililingana isipokuwa penalti ile. Bila hizo pointi mbili, mkwaju wa Cleary wa dakika ya 77 ungeleta sare ya 24-24 tu, na kombe lingeamuliwa katika muda wa nyongeza, pale pale ambapo St Helens waliwaumiza Februari. Siwezi kuapa kwamba vipigo vya pointi moja ndivyo vilivyowafundisha. Ninachojua ni kwamba timu hii msimu mzima haikudharau pointi mbili.

Baada ya 24-8 kulikuwa na sababu nyingine ya kukata tamaa. Jarome Luai, mwenzake Cleary katika kuongoza mashambulizi, alikuwa amerudi uwanjani wiki moja tu kabla, kwenye nusu fainali dhidi ya Melbourne, baada ya bega lake kuteguka mwishoni mwa msimu wa kawaida. Kipindi cha pili cha fainali bega lilimshinda, akatoka. Akaingia Jack Cogger. Kwa timu nyingi hapo ndipo mpango huvunjika, kwa kuwa mtu wa akiba anakuja na mawazo yake. Cogger hakuhitaji kubuni kitu. Mpango ulikuwa ule ule alioucheza wiki zote Luai alipokuwa nje au alipokuwa kwenye timu ya jimbo: maliza seti, upeleke mpira mbali, panda kwa pamoja, subiri. Jukumu la kupiga na kuamua likabaki kwa Cleary, Isaah Yeo akiunganisha pasi katikati.

Dakika ya 62 Cleary alikata mstari wa Brisbane kwa miguu yake na kumwachia Leota amalizie. Angalia nani alifunga: fowadi wa mbele, mtu wa kazi za suluba, dakika ya 62, akiwa bado na nguvu za kukimbia kando ya hafubeki wake. Hapo ndipo faida ya To'o na Edwards kubeba mikimbio ya mwanzo inapoonekana kwa macho. 24-14.

Kisha ukaja mpira ambao mimi nauona kuwa ndio uliogeuza mechi kuliko hata trai ya ushindi. Unaitwa arobaini-ishirini. Sheria inasema: ukiupiga mpira kwa mguu ukiwa nyuma ya mstari wa mita 40 wa upande wako, ukadunda ndani ya uwanja kwanza, kisha ukatoka pembeni ndani ya mita 20 za wapinzani, mpira unabaki kuwa wako na seti inaanza upya. Ni mkwaju mgumu kuliko unavyosikika. Ukitoka bila kudunda, umewapa wapinzani mpira pale ulipopigia. Ukidunda vibaya na kubaki ndani, beki wa nyuma ataurudisha mbio, na beki huyo alikuwa Walsh. Upana wa kosa ni mdogo na adhabu yake ni kubwa, hasa ukiwa umeachwa nyuma kwa pointi 10 na dakika zinayoyoma.

Cleary aliupiga, ukadunda, ukatoka. Fikiria maana yake kwa mafowadi wa Brisbane. Walikuwa wamejiandaa kupokea mpira na kupumzika kidogo kwa kushambulia. Badala yake wakatakiwa wakimbie sehemu kubwa ya uwanja kurudi langoni kwao, kisha wazuie seti nyingine nzima wakiwa na mstari wa trai nyuma ya visigino. Seti mbili za kuzuia bila kugusa mpira, na safari ndefu katikati. Muda mfupi baadaye Stephen Crichton akafunga, mkwaju ukaingia, 24-20. Kuanzia hapo Brisbane walicheza kwa kuitetea saa, na Penrith waliendelea kuwasukumia mpira ule ule kwenye kona zile zile. Trai ya dakika ya 77, Cleary akipinda kupita mabeki waliochelewa kufika na kufunga jirani na milingoti, ilipatikana dhidi ya miguu iliyokwisha. Na kwa kuwa alifunga jirani na milingoti, mkwaju wa ushindi haukuwa mgumu.

Kwa anayetaka kuufuata msimu kwa jicho hili, ratiba ni rafiki kwetu Afrika Mashariki. Mechi ya Ijumaa saa mbili usiku Sydney ni saa saba mchana hapa. Fainali huchezwa Jumapili ya kwanza ya Oktoba, siku ile ile Sydney wanaposogeza saa zao mbele. Ile ya 2023 ilianza kwetu saa tano na nusu asubuhi, na aliyeifuata ratiba kwa hesabu ya msimu wa kawaida alikosa kipindi cha kwanza chote, penalti ikiwemo. Ukikaa kutazama, achana na mpira kwa seti chache. Tazama ni nani anabeba mkimbio wa kwanza na seti inaishia mita ngapi kutoka lango la wapinzani. Baada ya raundi nne au tano utaanza kuona timu inayokwenda kushinda kabla ubao haujasema.

Penrith walirudia 2024 kwa kuwafunga Melbourne 14-6, taji la nne mfululizo. Brisbane nao walikuwa wamejifunza. Septemba 2025, kwenye nusu fainali nyumbani kwao Suncorp, walikwenda mapumzikoni Penrith wakiongoza 14-0, na safari hii walioendelea kusukuma hadi mwisho walikuwa Brisbane. Walishinda 16-14, na wiki iliyofuata wakawafunga Melbourne 26-22 na kuchukua kombe lao la kwanza tangu 2006.