Nirvana Si Pepo

Wapenzi wenzangu wa fasihi, naanza kwa kuungama. Katika insha yangu ya mwaka wa kwanza nilifasiri neno nirvana kuwa "pepo ya Wabudha". Nikapata alama nzuri, nikajiona bingwa. Leo naihakiki insha ile mwenyewe.

Hebu tuutazame mzizi. Katika Kisanskriti, nirvana limeundwa kwa kiambishi nis, chenye maana ya kutoka au kwisha, na mzizi va, kuvuma kwa upepo. Ni kuzimika kwa moto au taa. Upepo umo, bwana, lakini pepo haimo! Pepo mtu huingia. Hapa kuna kitu kinachozimika.

Kitu gani? Mapokeo ya Kibudha yanataja mioto mitatu: tamaa, chuki na upumbavu. Sasa lilete neno la pili, upadana. Mzizi wake ni da, kutoa; ukitanguliwa na viambishi upa na a, maana inageuka kuwa kujitwalia. Katika Kipali, lugha iliyo jamaa ya Kisanskriti, neno hilohilo lina maana mbili: kung'ang'ania, na kuni zinazolisha moto. Basi anayeng'ang'ania anachochea. Maneno mawili, taswira moja. Ukiandika "pepo" huku na "uroho" kule, umeukata uzi.

Je, tuseme "kuzimika"? Ni karibu zaidi, ila sikio la Mswahili litasikia kuzimu, na msomaji atadhani Budha alihubiri kuangamia, fundisho ambalo maandiko ya Kibudha yanalikanusha.

Wala tusiuabudu mzizi. Karma limetokana na kr, kutenda. Kwa mzizi ni tendo tu. Lakini katika mafundisho ya Budha uzito wa tendo uko kwenye nia ya mtendaji. Hilo mzizi haukwambii. Matumizi ndiyo yanayokwambia.

Kwa maoni yangu, neno nirvana tuliache lilivyo, kisha tulifafanue kwa moto ulioishiwa kuni. Aliyepikia mafiga hahitaji kamusi hapo: moto ule humwagii maji wala huupulizi. Unaacha tu kuchochea.

Mwenye hoja tofauti na aijibu katika toleo lijalo. Mimi insha yangu nimeshaifuta.